Mwalimu Mwenye Kiti na Mwalimu Mwenye Barua

Serikali ilipoitambua shule yetu, sisi wa Kisugu tulishangaa kidogo, kwa sababu sisi tulikuwa tukiiona miaka yote. Ilikuwa pale pale nyuma ya kanisa, mabati yake yakipiga kelele mvua ikinyesha, watoto wake wakiimba hesabu za kuzidisha kwa sauti ya kuwaamsha askari waliotoka zamu. Mimi nilisoma pale kuanzia darasa la kwanza hadi la saba, na sikuwahi kuhisi kwamba nipo mahali pasipotambulika. Siku moja wakaja watu katika gari jeupe. Wakapima madarasa kwa tepu, wakachungulia vyoo, wakanywa soda, wakaondoka. Baada ya muda wa kutosha kwa watu kusahau, likaletwa bango la chuma lenye rangi mpya, likasimikwa getini, na tangu siku hiyo shule ikawa ipo.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika shule hiyo, tangu enzi zile ilipokuwa haipo.

Alikuja Kampala kutoka kaskazini akimfuata baba, ambaye alikuwa askari polisi. Baba ni Mwislamu, mama ni Mkristo, na lugha zao za nyumbani hazisikilizani hata kwa salamu. Kiswahili cha kambini ndicho kilichowaoza, na ndicho tulichokulia. Mama alikuwa na cheti chake cha ualimu, lakini cheti cha kaskazini ukikileta Kampala kinasomwa polepole sana. Akakaa nyumbani mpaka wazazi wa mtaani walipoanzisha shule.

Nieleze hapa jinsi mwalimu alivyopatikana kwetu, kwa sababu mambo yote yaliyofuata, pamoja na mahakama, yalitoka hapo.

Shule ilianzishwa na wazazi wenyewe. Wengi walikuwa watu wa polisi na jeshi, na wengine wafanyabiashara Wakongo wa mtaa wa chini. Kanisa lilitoa kiwanja. Hakukuwa na ofisi ya kuajiri mtu wala aliyejua ofisi hiyo inafananaje. Kwa hiyo wakajiwekea kawaida yao. Mwalimu mpya alifundisha muhula mzima akiwa amesimama. Muhula ukiisha, wazazi walikutana kanisani baada ya ibada, Waislamu wakiingia kwa mlango wa pembeni, wakanyoosha mikono. Wakimkubali, fundi seremala mmoja Mkongo, ambaye pia alikuwa mzazi, alitengeneza kiti. Kiti kililetwa darasani mbele ya watoto, na mzazi mkubwa kuliko wote kwa umri alimshika mwalimu mkono akamkalisha. Basi. Asiyeletewa kiti alielewa mwenyewe. Shuleni kwetu hatukusema mtu ameajiriwa. Tulisema amekalishwa.

Mama alikalishwa nikiwa darasani mwake. Nilikuwa katika safu ya pili, karibu na dirisha. Nakumbuka wazazi walipiga makofi na mama akakaa kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu maji ya moto. Alikuwa amenikataza kumwita mama nikiwa shuleni, nami niliona aibu kumwita Mwalimu, kwa hiyo mwaka mzima sikumwita chochote. Nikitaka kwenda chooni nilinyoosha kidole na kusubiri anione. Mara nyingine hakuniona.

Mimi masomo yangu yaliishia la saba. Nikajifunza kushona, na sasa nina cherehani katika kibanda kinachotazamana na geti la shule. Nashona sare. Kazi hii inanifaa, kwa sababu mteja anasema kipimo nami natikisa kichwa. Na kutoka kibandani kwangu, dirisha la darasa la kwanza liko karibu kiasi kwamba naweza kusahihisha tahajia, kama ningekuwa mtu wa kupaza sauti.

Ndiyo maana nilikuwepo asubuhi ile mwalimu mwenye barua alipofika.

Alikuwa binti mdogo, nadhifu, mwenye mkoba mpya na viatu ambavyo havikuwa vimekutana na matope ya Kisugu. Alikuwa ametoka Ntinda, mtaa mwingine wa Kampala, akapita getini, akaulizia darasa la kwanza, akasimama mlangoni. Mama alikuwa kitini, akisikiliza watoto wakisoma.

"Samahani, madamu," binti akasema. "Mimi ndiye mwalimu wa darasa la kwanza."

Mama akamtazama juu hadi chini, bila ubaya. "La shule gani, mwanangu?"

"La hapa."

"La hapa lina mwalimu. Lakini karibu. Umechelewa miaka kidogo tu."

Watoto wakacheka, kwa sababu mama alikuwa na kawaida ya kuwaambia waliochelewa maneno hayo hayo. Binti hakucheka. Alitoa barua. Barua ilisema ameteuliwa na serikali, ikataja shule yetu kwa jina lake jipya la kwenye bango, na ilikuwa na mhuri ambao ungeweza kuonekana kutoka kibandani kwangu.

Mwalimu mkuu akaitwa. Huyu alikuwa mtu mwema ambaye hofu yake kubwa duniani ilikuwa mihuri. Yeye naye alikalishwa kama wengine, kwenye kiti chenye mikono, lakini shule ilipotambuliwa alikwenda mjini mapema kuliko sisi sote akarudi na barua yake. Akamweleza mama, kwa heshima kubwa, kwamba kwa mtazamo wa serikali walimu wa zamani walikuwa wa muda. Mama akamuuliza muda gani. Akasema hilo halikuandikwa.

Walimu wa zamani walioambiwa hivyo walikuwa wanne, na mama ndiye wa kwanza. Wote walitakiwa kuondoka mwisho wa mwezi, na kushukuriwa.

Hapo ndipo ilipogunduliwa haki ya kuteua walimu. Nasema iligunduliwa, kwa sababu miaka yote ile mabati yakivuja hakuna aliyewahi kuitafuta. Sasa ikapatikana kwa watu watatu kwa mpigo. Kanisa likaandika kwamba kiwanja ni chake, kwa hiyo mwanzilishi ni lenyewe, na mwanzilishi ndiye anayeteua. Kamati ya wazazi ikasema ilikuwa ikiteua tangu mwanzo, na vitu vya kukalia vipo, mtu aje aone. Serikali ikasema kwamba tangu siku ile ya bango, anayeteua ni yenyewe, na kabla ya hapo hapakuwa na shule bali mkusanyiko wa watoto. Mimi nilikuwa mmojawapo wa watoto waliokusanyika, miaka saba mfululizo, na mtihani nikafanya.

Kamati na walimu wanne wakaenda mahakamani. Mahakama, ikiwa na kesi nyingi na haraka kidogo, ikatoa amri ya kwanza: mpaka kesi isikilizwe, hali ibaki kama ilivyo.

Shida ni kwamba siku amri ilipotolewa, walimu wote wawili walikuwa darasani. Mama alikuwa amekaa kitini na binti alikuwa amesimama kando yake na barua. Mwalimu mkuu aliisoma amri mara nyingi, akatoka jasho, akaamua kwamba hivyo ndivyo mahakama inavyotaka. Wakabaki wote wawili. Na kwa kuwa amri haikusema hali ya nini, hakuthubutu kubadilisha kitu kingine chochote. Kioo kilichovunjika kwenye dirisha la darasa la tatu kikabaki kimevunjika kwa amri ya mahakama. Mzazi mmoja alipokuja na misumari kurekebisha mfereji wa maji, alirudishwa getini na kuelezwa kwamba anaweza kufungwa.

Wiki ya kwanza walimu wangu wawili hawakuzungumza. Nawaita wangu kwa sababu niliwatazama kuliko mtu yeyote. Waligawana ubao kwa mstari wa chaki. Upande wa kulia mama alifundisha herufi, upande wa kushoto binti alifundisha namba, na watoto wakageuza shingo kama wanaotazama mpira. Watoto ndio waliofaidi. Mmoja akinyimwa ruhusa ya chooni na mama, alivuka mstari akaomba kwa binti. Mtoto wa darasa la kwanza akaelewa sheria ya mamlaka mbili kabla ya mawakili.

Wiki ya pili msongamano wa magari wa Ntinda ukaingilia kati. Binti alikuwa akifika asubuhi ikiwa imekwisha kuchakaa, viatu mkononi, ameshuka njiani na kutembea. Mama akawa anaanza peke yake na kufika mbali. Binti akifika, mama alikuwa akimwonyesha kwa kidole walipofikia, bila kumtazama. Baadaye akawa anamtazama. Baadaye zaidi nikaona amemwachia chai kwenye chupa.

Siku moja wakati wa mapumziko walikuja wote kibandani kwangu, mama akitaka nishone kifungo, binti akikimbia jua. Wakakaa, mimi nikikanyaga cherehani. Mwishowe binti akasema, akitazama chini, "Madamu, mimi barua hii sikuiiba. Nimeisubiri nyumbani kwa baba yangu tangu nimalize chuo, mpaka ndugu zangu wakaanza kuniita mgeni."

"Na mimi kiti sikukiokota," mama akasema.

Halafu wakacheka, wote wawili, muda mrefu. Mimi nikashona kifungo mahali pasipo pake.

Tangu hapo walifundisha vizuri sana. Nasema kwa masikitiko, kwa sababu jambo hilo halikumsaidia mtu yeyote kwenye kesi. Wakili wetu alipopita shuleni akawakuta wanacheka na watoto, alimvuta mama pembeni akamwomba aonekane ameumia.

Wakili huyu alikuwa kijana mwenye suti ya buluu na imani nyingi. Kwa muda mrefu tatizo lake lilikuwa moja: serikali ina barua, sisi tuna nini? Mama akamweleza habari ya kukalishwa. Wakili akaacha kuandika. Akaomba aonyeshwe kiti. Akakizunguka, akakigusa mgongo, akapiga picha kwa simu kutoka pande zote. Akasema kwamba hicho si kiti, ni uteuzi wenye miguu minne.

Basi kiti kikaenda mahakamani. Kilipanda bodaboda, kimefungwa kwa mpira mgongoni mwa dereva, miguu ikitazama mbinguni, na kikafika mjini kabla ya wakili. Karani wa mahakama alikipokea, akakifunga kikaratasi mguuni, akakiandika kuwa kielelezo. Kielelezo hakitoki mahakamani mpaka kesi iishe. Kwa hiyo mama akarudi kufundisha amesimama, muhula mzima, na wazazi wa zamani waliopita dirishani walimtania kwamba yuko kwenye majaribio tena, ajitahidi. Baba alipokwenda siku moja kuulizia tarehe ya kesi, alimkuta karani amekalia kielelezo, anakula mihogo. Baba alirudi nyumbani amefurahi. Alisema angalau sasa mahakama imethibitisha kwamba kinakalika.

Kisha wakili akatafuta shahidi aliyekuwepo mama akikalishwa. Mzazi aliyemshika mkono alishafariki. Fundi seremala alisharudi Kongo. Wazazi wengine walikuwa wamehamishwa na kazi zao za ulinzi, huku na kule. Watoto wa safu ya kwanza hawakujulikana walipo. Safu ya pili, karibu na dirisha, nilikuwa mimi.

Nilikataa. Nilikataa kwa njia yangu, yaani sikujibu. Mama hakunilazimisha. Alisema tu kwamba kama darasa lile litaondoka mikononi mwake, angependa liondoke baada ya mtu mmoja kusema kwamba alikuwepo. Baba, ambaye alitumia ujana wake wote kupeleka watu mahakamani na hakuwahi kupata nafasi ya kumfundisha mtu wake mwenyewe, akanichukua uani jioni na kunifanyisha mazoezi. Alinisimamisha wima. Alinifundisha niseme nilichokiona, nisiongeze chumvi, nikiulizwa kitu kifupi nijibu kifupi. Akanionya kuhusu kusema uongo wa kusaidia. Alisema uongo wa kusaidia ndio aliokuwa akiukamata kwa urahisi kuliko wote.

Siku ya siku nikapanda kizimbani. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani, mkimya, na ukimya wake ulinifariji. Kesi iliendeshwa kwa Kiingereza, nami nikaomba kusema Kiswahili, kwa hiyo wakaniletea mkalimani. Huyu alikuwa mtu wa fahari. Nikisema neno moja, yeye alisema mengi, akipungia mkono, hadi nikaanza kumwonea wivu huyo shahidi aliyekuwa akitoka kinywani mwake.

Nikasema niliyoyaona. Wazazi, makofi, mkono, kukaa. Wakili wetu akatabasamu, akakaa. Wakili wa serikali akasimama. Alikuwa mtu mzima, mpole, na upole wake ulinitisha zaidi ya ukali. Akakiashiria kiti kilichowekwa mbele ya hakimu.

"Kijana, wewe ni fundi wa kushona. Macho yako ni mazuri?"

Nikasema ndiyo.

"Kitazame vizuri. Hicho ndicho kiti alichokalishwa mama yako siku ile?"

Nikakitazama. Wakili wetu alikuwa tayari anaitikia kwa kichwa kunisaidia. Mama alikuwa kwenye benchi la nyuma, na kando yake, msinishangae, alikuwa yule binti, aliyeomba ruhusa kuja kumsindikiza mtu aliyekuwa akipingana naye.

"Hapana," nikasema.

Mkalimani hakuwa na la kuongeza. Wakili wetu akafumba macho. Wakili wa serikali akaniuliza, kwa huruma kabisa, nieleze. Nikaeleza. Kiti cha kwanza kililiwa na mchwa. Cha pili kilivunjwa na mkutano wa kampeni, mtu mmoja alipokipanda ili aonekane. Hiki ni cha tatu. Wakili wa serikali akageuka kwa hakimu, akasema kwamba upande wa walalamikaji umeleta mahakamani, kama ushahidi wa uteuzi, samani isiyohusika. Akakaa akiwa amemaliza kazi yake ya siku.

Hakimu akavua miwani. Akaniuliza mwenyewe, kwa Kiswahili ambacho hatukujua kwamba anacho, cha kambini kabisa, "Na hivi viti viwili vingine, vilikuja vipi? Mtu alinunua tu?"

Nikasema hapana, mheshimiwa. Kiti kikiharibika mwalimu harudi kukaa hivi hivi. Wazazi walikutana tena, wakanyoosha mikono tena, wakamkalisha tena.

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Kwa hiyo mama yako wamemteua mara tatu."

Sikujibu, kwa sababu baba alisema nisijibu nisichoulizwa, na mimi sikuwa na hakika kama hilo lilikuwa swali. Lakini hakimu aliandika. Alipokuwa akiandika, wakili wetu alifumbua macho, na tulipotoka nje alinishika bega na kuwaambia watu kwamba huo ndio ulikuwa mpango tangu mwanzo.

Hukumu ilichukua muda wake. Ilisomwa kwa sauti ya chini, na ilikuwa ya haki kiasi kwamba hakuna aliyeielewa mara moja. Haki ya kuteua walimu katika shule iliyotambuliwa ni ya serikali, tangu siku ya kutambuliwa. Kanisa lilishukuriwa kwa kiwanja. Wazazi walishukuriwa kwa moyo wao. Lakini walimu waliokuwepo hawakuwa mkusanyiko, walikuwa walimu, na haikuwa sawa kuwaambia waondoke bila kuwasikiliza. Kwa hiyo wafikiriwe kwanza. Serikali iwafanyie usaili, na umri usiwazuie. Nje ya mahakama mawakili wawili walipeana mikono, na kila mmoja akampongeza mwenzake kwa kushindwa vizuri.

Mama akaenda kwenye usaili wa kazi aliyokuwa akiifanya. Binti ndiye aliyemwandaa. Jumamosi nzima walikaa sebuleni kwetu, binti akijifanya jopo, akimuuliza kwa sauti nzito kwa nini anataka kufanya kazi na watoto wadogo. Jibu la kwanza la mama lilikuwa kwamba watoto wakubwa wanajibu. Binti akamwambia hilo asiliseme. Jopo la kweli liliuliza kama ana uzoefu wa darasa la kwanza, na mmoja wao akamuuliza anajiona wapi miaka mitano ijayo. Mama akasema darasa la kwanza. Akaona wanaandika, akadhani ameharibu.

Hakuharibu. Barua ikaja, na mhuri wake, na jina lake limeandikwa sawasawa. Tulichinja kuku. Baba akaisoma kwa sauti, amesimama wima, kama alivyonifundisha mimi. Alisoma kwamba ameteuliwa. Akasoma kwamba amethibitishwa. Watu wakapiga vigelegele. Akafika kwenye mstari wa kituo cha kazi, akausoma tena polepole. Haikuwa Kisugu. Ilikuwa shule moja ya Ggaba, karibu na soko la samaki, ambayo hakuna mtu sebuleni aliyewahi kuisikia.

Kesho yake mama akaenda kwa mwalimu mkuu, mimi nikimfuata. Tukaambiwa kwamba hakuna kosa lolote. Mwalimu wa mtaa ni wa mtaa, mwalimu wa serikali ni wa serikali, anaweza kupelekwa popote. Hiyo ndiyo faida ya kuteuliwa. Nafasi ya Kisugu, alikumbusha kwa upole, ilikuwa na mtu tayari, mwenye barua ya tarehe ya mapema zaidi. Mama akampigia wakili. Wakili akasema hawezi kukata rufaa, kwa sababu tulishinda. Na akiikataa barua, basi amekataa kazi, na hukumu nzima inakuwa imezungumzia mtu asiyekuwepo.

Yule binti alilia kuliko mama. Alisema atakwenda mjini kuomba wabadilishane. Alikwenda kweli. Wakamwambia aandike, akaandika, na ninavyojua barua yake bado inasomwa.

Watoto wa darasa la kwanza waliambiwa kwamba mwalimu wao amepandishwa. Mmoja akauliza kama amepandishwa la pili. Mama akasema mbali kidogo ya hapo. Akafuta upande wake wa ubao, akapangusa mikono, akatoka, na hakupita kibandani kwangu mpaka watoto walipokuwa wameondoka wote.

Siku ya kwanza nilimsindikiza Ggaba. Alisema ni kwa sababu ya mkoba. Shule ilikuwa ng'ambo ya barabara yenye vichanja vya mukene, dagaa wa ziwani, walioanikwa, harufu ikiingia hadi ofisini. Bango la chuma getini lilikuwa jipya kiasi kwamba rangi ilikuwa bado inanata. Tulipoliona, mama alisimama kidogo akalisoma lote, kisha akaendelea.

Mwalimu mkuu wa pale aliichukua barua yake kwa mikono miwili, akaangalia mhuri, na kutuelekeza kwenye darasa la mwisho. Hakuja nasi. Alisema ana shughuli.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani, mwanamke mzee kuliko mama, mwenye kitambaa kichwani na shali begani, alikuwa ameshika mkono wa mtoto mmoja akimwongoza kuandika kwenye mchanga uliomwagwa katika sinia. Watoto wengine walikuwa wakisubiri zamu yao bila fujo. Akatuona. Akanyoosha mgongo taratibu na kutabasamu.

"Watoto," akasema, "msalimieni mgeni."

Wakasimama wakatusalimia. Mama akaitikia. Barua ilikuwa mkononi mwake, nami nikamwona anaihamishia nyuma yake, kwangu, bila kugeuka. Nikaipokea.

"Mwalimu," mama akasema, "wameshakuambia?"

"Wameniambia nini, mwanangu?"

Mama akatazama sinia. "Maliza kwanza. Nitasubiri mapumziko."

Tulisimama nje ukutani mpaka kengele. Sijui walizungumza nini wawili wale, kwa sababu mimi nilikaa mbali kama kawaida yangu. Niliona tu mzee akitikisa kichwa, kisha akitazama ukuta wa darasa lake, kisha akikubali chai. Mama alifundisha siku ile herufi moja tu, na aliifundisha nje, kwa wale waliochelewa.

Jioni alirudi na harufu ya samaki, akavua viatu, akaomba simu yangu kwa sababu yake ilikuwa imezima. Akataka namba ya wakili.

Nikamwambia kesi yetu iliisha.

"Si kwa ajili yetu. Ni kwa yule mwalimu wa Ggaba. Amefundisha pale tangu watoto wake wakiwa wadogo, na hana hata mtu wa kumwandikia."

Nikamkumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba akishitaki, mtu mwenye barua atakayesimama upande wa pili ni yeye mwenyewe.

"Najua," mama akasema, akitafuta miwani yake. "Ndiyo maana lazima apate wakili. Nipe namba."